Msimamizi Aliyekaa Kitako

Palikuwa na sultani mmoja katika mji wa Ukutani, jina lake Shekuwe, mtu mwenye usingizi wa Ijumaa. Khatibu akishika tu mimbari, kidevu cha Sultani kinashuka kifuani. Ijumaa moja khatibu akasoma kwamba wanaume ni wasimamizi wa wanawake. Hapo Shekuwe alikuwa macho. Khatibu akaanza kueleza uzito wa neno hilo, na jinsi Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alivyokuwa akishona viatu vyake na kuwasaidia wakeze kazi za nyumbani. Hapo Shekuwe alikuwa anakoroma.

Akaamka na nusu ya hotuba, na nusu hiyo akaipigia mbiu: "Mwanamume ni msimamizi, na msimamizi mkuu wa wanawake wote wa mji ni mimi. Kukaa ni heshima ya msimamizi. Kuanzia leo mwanamke asikae kitako mbele ya mwanamume, na kila kikalio cha mwanamke kiletwe kwangu."

Askari wakaingia majumbani. Wakabeba vigoda, wakabeba viti vya kusukia nywele. Walipofika jikoni wakaikuta mbuzi, ile ya kukunia nazi. Mmoja akasema hiki ni chombo cha mapishi. Mwenzake akasema mbona wanakikalia. Wakaikalia kwa zamu ili wahakikishe, wakaafikiana kuwa ni kiti chenye meno. Basi mbuzi zote za mji zikapelekwa barazani kwa Sultani.

Jamani, Ukutani bila nazi! Wali ukawa mkavu, mchuzi wa samaki ukawa maji ya kunawia. Wanaume wakanung'unika chini chini tu, maana ndio waliopandishwa cheo, na mtu atalalamikiaje cheo chake?

Aliyeumia kweli ni Mize binti Kombo, mjane, muuza vitumbua. Kitumbua bila tui ni donge, nani atanunua? Wanawe na mama yake mzazi walikuwa wanakula kwa mbuzi ile. Akatia nazi kwenye kapu, akaenda hadi mlango wa jumba la Sultani, akakaa kitako chini, akakunja miguu. Askari wakamwinua, wakamwingiza ndani, kapu na yeye.

Sultani alikuwa amejimwaga kwenye kiti chake, wazee wa baraza wamekaa kulia na kushoto. Kadhi alikuwa pembeni, amekonda kwa wali mkavu.

"Umekaa mbele ya wanaume," Sultani akasema.

"Nimekaa, Maulana. Nilichoka."

"Adhabu yake ni kufukuzwa mji, wewe na wanao. Una la kusema?"

"La kusema sina, la kuuliza ninalo. Mwanamume ni nani kwa mwanamke?"

Sultani akatabasamu. "Msimamizi."

"Sikusikia vizuri, Maulana."

"Msimamizi, msimamizi," akasema kwa sauti, hata wa uani wakasikia.

"Basi mbona umekaa?"

Sultani akakitazama kiti chake.

"Mpishi hupika," Mize akaendelea. "Mwimbaji huimba. Mlinzi akilala tunamfukuza. Msimamizi asiyesimama tumwiteje?"

Sultani akamgeukia kadhi. Kadhi akatazama dari. "Neno lina kusimama ndani yake, Maulana. Mimi sikulitunga."

Shekuwe alikuwa na kiburi kingi kuliko nguvu za magoti yake. Akasimama. Na Sultani akisimama, nani akae? Baraza zima likasimama, wazee wakashikana mabega. Mize akatazama huku na huku, akaona hakuna mwenye nguvu ya kumkataza, akakaa.

Chakula cha mchana kikaletwa. Sultani akala wima, mchuzi ukamtiririka hadi kiwikoni. Ilipoadhiniwa alasiri akauliza kwa unyonge, "Na kwenye sala nisikae?"

"Kwenye tahiyatu kaa, Maulana. Pale uko mbele ya Mungu, na mbele ya Mungu mimi na wewe tunakaa sawasawa."

Sultani akakimbilia msikitini. Tangu azaliwe hajasoma tahiyatu ndefu kama ile. Lakini hakuna sala isiyo na salamu ya kumalizia, na aliporudi barazani Mize naye alikwisha swali, yuko palepale anamsubiri.

Jua likishuka, magoti ya Sultani yakaanza kugongana. "Wewe mwanamke," akafoka, "usimamizi si wa miguu. Maana yake ni mwanamume amlishe mwanamke, amvishe, amtunze, asilale na njaa. Hata mtoto mdogo anajua."

"Ni kweli, Shehe Kadhi?" Mize akauliza.

"Kweli tupu. Hiyo ndiyo nusu ya hotuba ambayo Maulana aliilalia."

"Na chakula chenyewe, amletee kibichi apike mwanamke?"

Kadhi akaukumbuka wali wa nyumbani kwake. "Kwa vitabu vya madhehebu yetu," akasema polepole, "kazi ya kukipika iko juu ya mume. Mke akipika, hiyo ni hisani yake."

"Umesikia sasa?" Sultani akasema, jasho linamtoka. "Ni wa chakula, si wa miguu. Nikubalie basi, nikae."

Mize akainuka. Akaivuta mbuzi iliyokuwa karibu, akaikunjua mbele ya miguu ya Sultani, akamwaga kapu lake kando yake.

"Kaa, msimamizi wetu. Nazi hizi hapa, mbuzi zote unazo wewe, na wanawake wa mji mzima wana njaa."