Kiboko Alipotaka Salamu Zote

— Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni, iingie!
— Ina matope miguuni!
— Iingie hivyo hivyo!

Zamani, wanyama walipoanza kushika simu, mnara wa mawasiliano ulikuwa mali ya Kiboko. Ukituma ujumbe, unampa ndizi. Ujumbe mfupi, mkungu. Ujumbe mrefu, shamba zima. Kiboko akanenepa, wengine wakanyamaza.

Buibui akachoka kunyamaza. Akafuma, akafuma, akafuma, hadi akapata programu ya simu. Akaiita Uzi. Mwanzoni Uzi ulionyesha hali tu: "Nimelala." "Niko kisimani." Basi. Siku moja Kanga akaandika, "Napika maharage." Digidigi akajibu papo hapo, "Nakuja, usimalize!"

Ting! Kumbe tunaweza kuongea! Msitu mzima ukaongea, tena bure. Ting! Ting! Vikundi vikazaliwa: cha ukoo, cha harusi, cha majirani wa kisimani.

Kiboko akaona ndizi haziji. Akaja, du! du! du!

"We kidudu, nipe Uzi. Ukikataa, naikalia nyumba yako."

Buibui akaitazama nyumba yake nyembamba, na mayai yake ndani. Kisha akatabasamu.

"Chukua, bwana mkubwa. Unataka na vikundi?"

"Vyote!"

"Na salamu?"

"Zote! Kila ujumbe unipitie mimi."

"Haya. Ila sasa wewe ndiye mwenyeji. Mwenyeji akisalimiwa, huitikia."

"Hilo tu? Kwetu nilifunzwa adabu, bwana!"

Kulipokucha, ting! "Shikamoo, mwenyeji." "Marahaba." Ting! "Umeamkaje?" "Salama." Ting! "Mama mkwe hajambo?" "Hajambo." Ting! "Na goti lake?" Kiboko akafungua kinywa ale nyasi. Ting! Akakifunga, akaitikia. Jua likafika utosini, hajatia kitu tumboni, na kikundi cha harusi ndiyo kwanza kinaamka.

"Buibui! Chukua Uzi wako!"

"Aa, bwana mkubwa, na ndizi zako je?"

"Sizitaki! Chukua na mnara!"

Akajitosa mtoni, chubwi! Mpaka leo akitokeza, hutanguliza masikio. Akisikia "Shikamoo," chubwi tena!

Mayai ya Buibui yakaanguliwa salama, na msitu ukaendelea kuongea bure.

Funzo, wanangu: adabu ni hatari. Anayekuuliza hali ya mama mkwe wako hakutakii mema. Msiitikie, zameni!

— Hadithi imesinzia, nailaza.
— Ilale unono!