Kisahani cha Dawa cha Maalim Faki

Ndugu zangu, kisa hiki kisomeni polepole, kisha msomeeni na mzee wa nyumbani kwenu.

Maalim Faki, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyefiwa na mkewe, Bi Mafunda, alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikatunga usaha. Hospitali wakampa vidonge, wakamwonya kwamba kisipopona mguu utakatwa.

Ramadhani ikaingia, kidonda bado kibichi. Maalim akawa anajiuliza atasujudu vipi kwa mguu mmoja.

La ajabu ni kwamba dozi hakuwahi kuikosa. Bi Mafunda, enzi za uhai wake, alikuwa akimwekea kidonge cha presha katika kisahani kando ya tende. Maalim aliushika mtindo huo. Kila magharibi alipanga dawa zake zote pale: ya presha, ya kidonda, na vile vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, alivyojinunulia dukani. Akasoma bismillahi moja, akavimaliza.

Vya kiungulia alivirudia tena na tena. Vilikuwa vitamu kama peremende, wala hakuandikiwa na daktari, basi hakuvihesabu kuwa dawa.

Jirani yake, Mbarouk, alimtania. "Maalim, hizo dawa au njugu?"

"Njugu zako ndizo zilizoniletea kiungulia," Maalim akamjibu.

Mbarouk alishikilia kuwa vidonge vya hospitali ni feki. Wengine wakanong'ona habari za husuda. Maalim hakubisha, lakini alitaka kujua. Akakifunika kisahani kwa kitambaa, akakipeleka hospitali kama kilivyo.

Daktari Salha alikitazama kwa muda.

"Hivi unavimeza pamoja, baba?"

"Pamoja, mwanangu. Ndivyo nilivyozoeshwa."

"Dawa ya kidonda ni nzima. Hii ya kiungulia inaishika humo humo tumboni, isiingie kwenye damu vizuri. Umekuwa ukiimeza bila kuipata."

Daktari akauliza kiungulia kilimwanza lini. Maalim akasema ni tangu alipofiwa.

"Zamani, ukishafuturu, ulikuwa ukifanya nini?"

"Tulikaa tukizungumza na mama watoto mpaka adhana ya Isha."

"Na sasa?"

"Sasa nizungumze na nani? Nikishiba najilaza."

"Basi kiungulia chako kinaanzia hapo, baba. Ukilala tumbo limejaa, asidi inapanda kooni."

Akamweleza atangulize dawa ya kidonda. Ya kiungulia, akiihitaji, aitafune baada ya saa mbili au zaidi, asipite kipimo cha kwenye paketi. Ale kiasi, asijilaze upesi. Kiungulia kisipopungua kwa wiki mbili arudi, na kifua kikimbana aje saa hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo, Maalim akifuturu alitoka akaketi barazani kwa Mbarouk mpaka Isha. Mbarouk alimchosha kwa habari za mpira, naye akavumilia. Kiungulia kikapungua, hata vile vyeupe akavisahau.

Asubuhi ya Idi kidonda kilikuwa kimefunga. Maalim Faki alikwenda msikitini bila mkongojo, akasujudu, akakawia kuinua kichwa.

Funzo: Dawa uliyojinunulia dukani nayo ni dawa. Soma paketi yake, mtajie daktari, usiichanganye na nyingine kwa mazoea. Na maumivu yanayorudi kila siku usiyatulize tu, uliza yanatoka wapi.