Ndoo ya Baba Mkwe

Maji baridi huchoma nyumba. Mnacheka, wajukuu zangu, mkidhani nimekosea, kwa kuwa shuleni mmefundishwa kwamba maji ya moto hayachomi nyumba. Sikukosea. Methali hii ilizaliwa katika ua huu huu mlimoketi.

Nilikuwa mke mpya wa Ambakisye hapa, tena dereva wa gari la zahanati: gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne. Siku hiyo nilimbeba wifi yangu Lugano, ana uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya, na hospitali iko ng'ambo ya mlima. Tulipanda kwenye tope kwa gia ndogo, injini ikinguruma, gari likitambaa, upepo wa kupoza rejeta hakuna. Mshale wa joto ukagusa nyekundu. Nikaingia uani kwa wakwe, nikafungua boneti, nikaiacha injini iungurume taratibu ili feni iendelee kuipoza.

Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Baba mkwe aliona gari linafuka mvuke, akajua lina kiu. Akaja na ndoo ya maji ya chemchemi, yale yanayouma meno, aimwagie injini.

Na kwetu mke wa mtu haonani na baba mkwe. Akitokea, unajificha, humsemeshi, jina lake hulitaji. Hata leo mimi silitaji. Nikajifunika khanga usoni. Lakini chuma kile kingepasuka, na Lugano angejifungulia njiani. Ndoo ilipoinuliwa, niliitupa khanga nikamnyang'anya.

Mama mkwe aliziba mdomo. Mzee akatazama pembeni, akasema na mkewe.

"Muulize mke wa Ambakisye, maji yamemkosea nini?"

"Mama, mwambie baba, chuma cha moto kikipata baridi ghafla hupasuka."

"Muulize, kwani chuma ni chungu?"

"Mwambie aanze na chungu basi."

Nilidhani atanilaani. Kumbe ameshikwa na hamu ya kujua. Aliingia jikoni, akatoka na chungu kitupu kilichokuwa kikipata moto mekoni, akakimwagia maji ya ndoo ile. Kikalia, kikawa vigae. Akaokota kimoja, akakigeuzageuza.

"Mama Ambakisye," akasema polepole, "maji baridi huchoma nyumba. Mpe mkweo anachotaka."

Nilitaka maji ya moto. Mvuke ulipotulia nilifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, nikayatia kidogo kidogo. Mshale ukashuka, ila sikuondoka papo hapo. Maji hupoa mapema, mafuta ya injini hubaki na moto wake.

"Wifi," Lugano akaguna, "unangoja mtoto aende hospitali kwa miguu?"

Alijifungulia hospitali, binti mzima wa afya.

Niliporudi, nilikuta wazee wa ukoo wameketi, nyuso zimewaka. Eti nimemshika baba mkwe mkono.

"Omba radhi sasa hivi," wakasema, "mambo yapoe."

"Wazee wangu, maji baridi huchoma nyumba."

Nyuma ya ukuta wa mabanzi nilimsikia baba mkwe akicheka hadi akakohoa. Wazee hawakucheka. Wakanidai radhi tena, na hadi leo wapo wanaonidai, nami nawajibu vile vile: siombi radhi.