Karamu ya Wakubwa

Aliyekaa karamuni hakani shibe. Methali hii mmeisikia kwa shangazi yenu asubuhi hii, nanyi mmeniuliza imetoka wapi. Basi sogeeni niwaeleze ilikozaliwa.

Huko Kibwaya, milimani, palikuwa na mbunge aitwaye Melkiori Mkude, mtu wa watu. Msiba ukitokea alifika mapema, na zahanati ya kijiji aliihangaikia mwenyewe hadi ikaezekwa bati. Alikwisha kuchaguliwa mara mbili, na ya tatu ilionekana imeiva.

Kumbe mji mkuu ulificha moto chini ya majivu. Wakubwa wa chama chake walikuwa wameuza dawa za malaria zilizotolewa bure kwa wananchi, na hospitalini wakapeleka zilizokwisha muda. Magazeti yalipofichua, uchaguzi wa wabunge ulikuwa umekaribia. Nchi ikatibuka. Kila mahali wagombea wa chama kile wakawa wanazomewa.

Melkiori hakuogopa. Hakuwa ameonja chochote cha biashara ile, na watu wake walimjua. Akasimama uwanjani, akasema, "Ndugu zangu, mikono yangu hii mnaiona. Mimi sikuiba."

Akainuka Bi Anzerani, ambaye mwanawe alikufa kwa malaria wakati wa masika. Jeneza lile Melkiori mwenyewe alilibeba.

"Mheshimiwa," akasema kwa upole, "hapa hakuna anayekuita mwizi. Nauliza jingine. Ulikuwa unajua?"

Melkiori akakumbuka kikao cha chama, ule mnong'ono uliopita kiti hadi kiti, na yeye akitazama dirishani, akijiambia hayamhusu. Alitaka kusema hapana. Lakini macho ya yule mama hayakumlaumu, yalimngoja tu.

"Nilisikia, mama. Nikanyamaza."



"Mwanangu," akasema Bi Anzerani, "mtu akikaa karamuni hadi vyombo vinaoshwa, asitoke akatuambia ana njaa."

Siku ya kura Melkiori akaanguka. Akashinda Sesilia Kobero, mwalimu asiyejulikana nje ya kijiji chake. Miongoni mwa waliomnyima Melkiori kura wapo waliotoka kituoni wakifuta machozi, maana walimpenda. Baadaye walimpelekea ndizi na maharage, wakakaa naye barazani.

Kabla ya kwenda kuapishwa, Sesilia alimwendea kumwomba nasaha. Akamkuta shambani akipalilia. Alidhani atafundishwa kanuni za bunge. Melkiori akaegemea jembe.

"Wizi utauona, nawe utaukimbia, kwa hilo sina shaka nawe," akasema. "Ogopa siku utakaposikia ovu, ukaona kukaa ni kutamu kuliko kusimama. Mimi sikula, binti yangu, lakini nilikaa. Na aliyekaa karamuni hakani shibe."