Jina la Kiboko Mchanga wa Rwamisho

Hapo zamani, enyi mlioketi mkao wa kusikiliza, palikuwa na ziwa liitwalo Rwamisho. Ziwa zuri, lo! Watu walitoka mbali kuja kupiga kambi, kuogelea, kupiga makasia na kutazama wanyama. Asubuhi ndege aina ya mnandi walianika mabawa miambani, pongo wakashuka kunywa maji, na mgeni aliyefika na haraka zake alijikuta amenyamaza bila kuambiwa.

Pale palikuwa na desturi. Anayemgundua kiboko mchanga wa kwanza wa mwaka ndiye humpa jina, na wapiga makasia wote humwita hivyo maisha yake yote. Ila jina litamkwe mtumbwi ungali majini. Ukigusa mchanga tu, basi tena, mtoto hana jina.

Akaja Kokubanza, mjane, na kaka yake Rutashobya. Marehemu Kalumuna, mumewe, ndiye aliyemleta ziwani mara ya kwanza, akafariki bila mtoto wa kurithi jina lake. Moyo wa Kokubanza ulikuwa kwenye jina hilo tu. Mtumbwi wao uliendeshwa na Mama Byera, aliyefundishwa kasia na mama yake mzazi.

Walipokuwa katikati ya ziwa, Kokubanza aliinua mkono. "Sikilizeni! Kuna pumzi ndogo kule kwenye matete." Wenzake walisikia upepo tu, lakini wakageuza mtumbwi kuelekea huko.

Rutashobya akakaza macho. "Yule pale! Mgongoni kwa mama yake!"

Wakamwona wote, masikio mekundu, anateleza, anapanda, anateleza tena. Kokubanza alicheka huku machozi yanamtoka.

Mara mama kiboko akageuka, akaachama, akawajia. Mama Byera hakupapatika. Alirudi kinyumenyume, kasia bila kishindo, mpaka mnyama akaridhika na kurudi kwa mwanawe.

"Mimi nilisikia," akasema Kokubanza. "Nisingesikia tungepita zetu. Aitwe Kalumuna."

"Mimi niliona, dada," akasema Rutashobya. "Wewe ulisikia pumzi, hukujua ni ya nani. Binti yangu Kemilembe kazaliwa juzi. Aitwe Kemilembe, wakue pamoja."

"Na mimi niliwarudisha hai," akasema Mama Byera. "Miaka yote wageni wanataja majina, mimi napiga kasia. Nani angelitaja jina akiwa kinywani mwa kiboko? Aitwe Nyakato, kama mama yangu."

Wakabishana hivyo huku mtumbwi ukirudi ufukweni.

Ufukwe ukawa umekaribia. Mlinzi wa kambi akaingia majini hadi magotini, akauzuia mtumbwi kwa mikono miwili usiguse mchanga. "Semeni basi, jamani, mawimbi yananishinda!"

Jina la Kalumuna lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Kokubanza. Akamtazama kaka yake, akamtazama Mama Byera, akalishikilia hapo hapo.

Haya, nyinyi mliosikia yote, semeni upesi, mikono ya mlinzi inachoka: aliyesikia, aliyeona, au aliyewarudisha, je, nani alistahili kulitamka jina?