Fisi Alivyojifanya Tone la Mvua

Mwaka ule jua lilikosa adabu kabisa. Lilichomoza mapema bila kualikwa, likachelewa kutua, na mchana kutwa likakaa juu ya nyika ya Makorongo kama mgeni asiyejua kuaga. Visima vikakauka. Chura, ambaye kazi yake ilikuwa kuitangaza mvua, alifunga mdomo akahama bila kumwambia hata jirani.

Nyumbani kwa Mama Sungura, mapacha wadogo walishinda wakitafuna mizizi mikavu. Dada yao mkubwa aliitwa Kitungule, na mwilini mwake vitu viwili vilizidi kipimo: masikio na maneno. Halafu alijua kuimba. Akiimba, mapacha husahau njaa mpaka wimbo uishe. Ukiisha, huikumbuka kwa nguvu mpya.

Siku moja habari zikaenea kwamba kundi la Bwana Simba limepiga kambi uwanjani. Kundi hilo lilizunguka kijiji hadi kijiji likionyesha mchezo wa nyimbo ulioitwa Harusi ya Mawingu. Bwana Simba aliutunga mwenyewe, akausifu mwenyewe, na ndani yake akacheza Radi, maana Radi ndiye pekee aliyeruhusiwa kunguruma toka mwanzo hadi mwisho. Watoto wa wanyama walicheza matone ya mvua. Watazamaji walileta nafaka, kwa hiyo matone yalikunywa uji kila siku, na kila mtoto aliyechukuliwa, kwao waliachiwa gunia la mtama.

"Imebaki nafasi ya mtoto mmoja tu," Mama Sungura alimwambia binti yake. "Ni Tone la Kwanza, lile linaloanguka peke yake na kuimba peke yake. Nenda mwanangu. Ukipata, wadogo zako watakula. Usipopata, rudi tu, sitanuna."

Kitungule alijua kweli mama yake hatanuna, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Alikaza masikio yake, akaenda.

Uwanjani alikuta foleni ndefu ya watoto. Mwalimu Kanga, mfundishaji wa nyimbo na mpishi wa uji, alikuwa akiwapanga huku akipiga kelele kuliko wote: "Acheni kelele! Nani anapiga kelele?" Bwana Simba alikaa juu ya jiwe, akichana manyoya ya shingo yake kwa kucha.

Usaili ukaanza. Mtoto wa Ngiri aliimba amefumba macho, akitembea, mpaka akatoka nje ya uwanja bila kujua, sauti yake ikafifia kichakani. Mtoto wa Nungunungu alicheza vizuri, lakini wenzake walimkimbia kila alipogeuka. Kitungule akaimba. Aliliimbia wingu lililopotea njia, akaliomba lirudi nyumbani, na Mwalimu Kanga akalia mpaka machozi yakadondokea chunguni. Waliokunywa uji ule walisema chumvi ilikolea barabara.

"Tumempata!" alisema Mwalimu Kanga.

"Bado mimi!" ikajibu sauti kama ya filimbi iliyopasuka.

Alikuwa Fisi. Sikwambii mtoto wa fisi. Fisi mwenyewe, mtu mzima mwenye wajukuu. Harufu ya uji ilikuwa imemfuata mpaka kwake, au yeye aliifuata, lakini kwa vyovyote walikutana. Alikuwa amenyoa masharubu, amejifunga jani la mgomba kifuani kama mtoto anayelishwa, na alitembea amekunja magoti huku ananyonya kidole.

"Naitwa Kifisi," alisema. "Mimi ni mdogo sana."

"Mbona mkubwa hivi?" aliuliza Mwalimu Kanga.

"Nilinyonya vizuri."

"Haya, imba."

Fisi akaimba. Mtoto wa Ngiri alitoka kichakani mbio, akidhani mama yake ameumia.

Mwalimu Kanga alifungua mdomo aseme hapana, lakini Fisi alikwisha kumgeukia Bwana Simba na kupiga magoti. "Shikamoo Bwana Mkubwa! Kumbe manyoya yako ni mazuri kuliko hata anavyosimulia mama! Mimi nikikua nataka niwe na kichwa kama chako."

Bwana Simba akaacha kujichana. Akajipapasa shingo, akatazama kushoto na kulia kuhakikisha wote wamesikia.

"Mtoto huyu anajua muziki," alitangaza. "Ndiye Tone la Kwanza."

"Lakini, Bwana Simba, sauti yake..."

"Nimekwisha sema, Mwalimu. Simba hakosei. Ukiona Simba amekosea, ujue dunia ndiyo imekosea."

Kitungule alikwenda nyuma ya jukwaa, akalia. Alilia kwa ajili ya mapacha, akalia kwa ajili ya wimbo wake, halafu akalia kwa hasira tu. Alikuwa bado ameinamisha kichwa alipoona kivuli kikubwa kikipita. Kwa kuwa alilelewa vizuri, hata kilio hakikumzuia kutoa heshima.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu, hujambo?" alijibu Fisi kwa sauti nzito, akiwahi uji.

Machozi ya Kitungule yakakatika papo hapo. Mtoto gani anaitikia marahaba?

Alijibanza pale pale, akatazama. Fisi alimaliza bakuli lake, kisha akazunguka kwa wenzake akisema, "Nionjeshe, bado nakua," na alipoonja hapakubaki cha kuonjwa tena. Walipoanza mazoezi, matone mengine yalianguka kabla ya zamu yao, kwa njaa. Zamu ya Fisi ilipofika, alianguka yeye pamoja na ubao wa jukwaa.

"Tone zito," alisema Bwana Simba akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Dalili ya masika mazuri."

Kitungule hakuweza kuvumilia. Alijitokeza. "Shikamoo Bwana Simba. Samahani, yule si mtoto. Nimemwamkia, akaitikia."

"Nani alimchagua?" aliuliza Bwana Simba.

"Wewe, Bwana."

"Basi. Nikisema ni mtoto, ni mtoto, hata akija na mkongojo."

Kitungule akaona kwamba kumwambia Bwana Simba amekosea ni sawa na kuliambia jua lipunguze ukali. Ilibidi Fisi ajiseme mwenyewe. Na Fisi haambiwi kitu akasikia, isipokuwa kama kuna chakula ndani yake. Hapo Kitungule akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, akarudi nyumbani kumwambia mama yake asubiri kidogo kabla ya kukata tamaa.

Kesho yake asubuhi kundi lilikuwa linaondoka. Mama za watoto walijaa uwanjani kuaga, magunia ya mtama yamepangwa, na gunia la Tone la Kwanza Fisi alikuwa amelikalia. Mwalimu Kanga alikuwa akikoroga uji wa safari. Kitungule akamsogelea, akamnong'oneza sikioni maneno marefu. Mwalimu Kanga akaacha kukoroga. Akamtazama Fisi, akautazama uji, akapiga mwiko kwenye chungu.

"Sikilizeni! Leo watoto wote waliopo watapata uji, kwa kipimo cha shule!"

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Huko Makorongo, mtoto akipelekwa kuanza shule, hakuna anayemuuliza alizaliwa lini, maana hata mama yake hakumbuki. Huambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, amekua, aingie darasani. Asipolifikia, arudi nyumbani akacheze.

"Asiyefika sikio, kikombe!" alisema Mwalimu Kanga. "Anayefika, bakuli! Na anayepita, tutamwongezea kadiri anavyopita!"

Kitungule akaenda kuketi karibu na gunia. "Pole, mdogo wangu," alimwambia Fisi kwa huruma. "Kwa mkono wako huo mfupi, leo ni kikombe tu."

"Mfupi?" Fisi alichomoa kidole mdomoni. "Nani kasema mkono wangu ni mfupi?"

Watoto wakapimwa. Mkono wa mtoto wa Ngiri uliishia kwenye paji la uso. Mtoto wa Nungunungu alijichoma kabla hajafika katikati, akapewa kikombe na pole. Kitungule mwenyewe hakufika, ingawa sikio lake lilikuwa refu kiasi cha kupunga upepo, maana Mwalimu Kanga alishikilia kwamba sikio hupimwa kwenye shina.

Fisi akaja mbele amekunja magoti. Akapitisha mkono juu ya kichwa, akashika sikio bila taabu.

"Bakuli!" alisema Mwalimu Kanga.

Fisi akalitazama bakuli. Akakitazama chungu. "Napita," alisema, na mkono ukashuka shavuni.

"Mabakuli mawili!"

"Bado napita." Mkono ukafika kidevuni.

"Matatu! Jamani, mtoto huyu!"

"Na shingo je?" aliuliza Fisi, akianza kuhema.

Mwalimu Kanga alimtazama Kitungule, na Kitungule akaitikia kwa sikio moja. "Anayezunguka shingo," alisema Mwalimu Kanga, "huyo anastahili chungu kizima."

Fisi alivuta pumzi. Alinyoosha magoti aliyoyakunja tangu jana, akasimama wima kwa urefu wake wote, akausukuma mkono chini ya kidevu, ukazunguka shingo, vidole vikatokea upande wa pili na kushika sikio la pale pale mkono ulipoanzia. Jani la mgomba likapasuka, likaanguka.

"Nimefika!" alinguruma kwa sauti yake halisi. "Leteni chungu upesi! Mtu mzima kama mimi, mwenye wajukuu, hasimamishwi juani kama mtoto!"

Uwanja mzima ukamgeukia.

"Hee!" alisema Mama Ngiri. "Huyu si wa kuanza shule. Huyu ni wa kustaafu!"

Kicheko kilichopasuka hapo kilimwangusha mtoto wa Nungunungu, naye akawaangusha wengine watatu. Fisi alitaka kujifunika uso, lakini mkono ulikuwa umekwama shingoni. Kisha kicheko kikapungua, na mmoja mmoja wakageuza macho kumtazama Bwana Simba, maana ndiye aliyechagua. Bwana Simba alitazama mawinguni. Mawingu hayakuwapo.

Kitungule aliona midomo ya Simba ikianza kutetemeka, akajua kwamba simba aliyeaibika ni hatari kuliko mwenye njaa. Akaruka mbele.

"Bwana Simba alijua tangu jana!" alisema kwa sauti kubwa. "Alitaka kuona kama sisi tutagundua!"

"Nilijua," alidakia Bwana Simba haraka. "Nilijua hata kabla sijajua." Akashuka kwenye jiwe, manyoya yamesimama. "Fisi, umesema wewe ni mtu mzima. Na desturi ni ipi, Mwalimu?"

"Watoto hula kwanza, Bwana."

"Basi wale."

Watoto wakala. Walikula kwa ajili ya siku ile na kwa ajili ya jana, na Mwalimu Kanga aliongeza mpaka mwiko ukakwaruza chini. Fisi alisimama mwisho wa foleni, mkono shingoni. Na kwa kuwa sasa ilijulikana kuwa ni mzee, kila mtoto aliyepita mbele yake na bakuli lake alipiga goti kwa adabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," alijibu Fisi, tumbo likinguruma.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Ilipofika zamu yake, uji ulikuwa umekwisha. Alipewa chungu akisugue.

Bwana Simba akamwita Kitungule. "Wewe mwenye masikio. Uliimba nini jana?"

Kitungule akaimba. Aliliimbia tena lile wingu lililopotea, na safari hii hata mama waliokuwa wakicheka walijifuta macho. Bwana Simba alisahau kujichana. Wimbo ulipokwisha, alikohoa, akasema kwamba yeye alikwisha kumchagua huyu moyoni tangu mwanzo, na hakuna aliyebisha.

Mama Sungura alipokabidhiwa gunia la mtama, mapacha walikuwa wamekwisha kuingiza pua ndani, wakitafuna mbichi. Alimkumbatia binti yake, akalia wazi wazi mbele za watu.

"Nilisema sitanuna usipopata," alisema. "Sasa umepata, na ninalia."

"Mimi pia naogopa, mama," alisema Kitungule. "Lakini nataka kwenda."

"Nenda. Kula vizuri. Na watu wazima waamkie, hata ukiwa na haraka."

Kundi likaondoka, Radi akitangulia kunguruma, matone yakimfuata kwa mstari, na Tone la Kwanza akiimba mbele ya yote mpaka sauti yake ikamezwa na vumbi la njia. Fisi alibaki uwanjani na chungu. Tangu siku hiyo, ukimuuliza Fisi ana umri gani, hujifanya hakusikia, na mikono yake huificha kwapani. Mkono wake ni mrefu, hakuna ubishi. Lakini njia ya mwongo ni fupi.