Vidole Vitatu vya Yangzom

Haya, sogeeni mnipe masikio. Kule Tibet, kwenye milima ya theluji, zimwi lilitokwa na vipele mwili mzima. Mganga, mama yake Yangzom, alipochelewa kuliponya, likammeza. Kuwashwa kukazidi! Likamwita Yangzom, naye mganga.

Yangzom akaweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono wa zimwi. Kidole cha kwanza kikasikia damu ikichemka. Cha pili kikasikia tumbo likinung'unika. Cha tatu kikasikia kucha zikikwaruza kwa ndani.

“Bwana Zimwi, huyo ni mama yangu.”

Akalinywesha mizizi michungu. Zimwi likatapika, na mama huyo nje, mzima!

“Mama, tukimbie!”

“Subiri, mwanangu. Vipele bado linavyo.”

Mama akachota siagi ya dawa, akalipaka kwanza mgongoni, pale ambapo mkono wa zimwi haufiki.